AC ya ndai ya kitambo imekufa? Soma hii kabla fundi akuongezee "gas kidogo"

Wasee wa ndai za kitambo wamejaa Nairobi. Kuna mwenye Mercedes W124, kuna mwenye BMW E30, na kuna yule amerithi Peugeot 504 ya guka na sasa anaipiga rangi upya. Viti vimeshonwa, rimu zinang'aa, muziki unagonga. Lakini uliza swali moja tu: "AC inafanya?" Hapo story inabadilika, madirisha yanateremshwa, na unaambiwa eti hewa ya nje ndiyo safi.

Si kupenda kwao. Magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 90 kuanza na yakawekwa AC yalitumia gesi inaitwa R12. Siku hizi haitengenezwi tena kwa ajili ya magari. Ikivuja, huwezi kuingia dukani ukanunua ingine. Umebaki na njia mbili za maana: uishi bila AC, ama ubadilishe mfumo utumie R134a, ile gesi iko kwa magari mengi barabarani leo.

Kuna njia ya tatu, na watu wengi huangukia hapo juu ni rahisi na haichukui hata nusu saa: "Boss, hii inataka tu gas kidogo." Hiyo ndiyo hukuulia kompresa, na ikifanywa na gesi mbaya inaweza kukuchoma ukiwa ndani ya gari. Hii hapa ni rada kamili ya venye kazi inafaa kufanywa, ndio ukienda kwa fundi ujue unalipia nini.

R12 ilienda wapi?

R12 ilikuwa gesi poa kwa kazi yake. Haishiki moto, haina sumu kali, na inapoza vizuri. Ilianza kwa friji kwenye miaka ya 1930, baadaye ikaingia kwa magari dunia nzima. Shida yake ni klorini iliyo ndani. Mwaka wa 1974, wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za aina hii zikifika juu kabisa angani, miale ya jua huzivunja na klorini inaanza kula ozoni, ile tabaka inayotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka wa 1985, watafiti wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika imepungua vibaya sana. Miaka miwili baadaye, 1987, nchi zikakubaliana kwenye Mkataba wa Montreal kupunguza hizi gesi. Molina, Rowland na mwenzao Paul Crutzen walipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1995.

Nchi tajiri ziliacha kutengeneza R12 mwaka wa 1996 ulipoanza. Nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, zilipewa hadi 2010. Kenya iliingia kwa mkataba mapema, 1988, na tangu 2007 kuna kanuni za kudhibiti hizi gesi chini ya NEMA. Na kama hukuwa unajua, ofisi inayosimamia huu mkataba wa ozoni kwa dunia nzima iko hapa hapa Gigiri, ndani ya makao makuu ya UNEP.

Kwa hivyo mtu akikuambia leo ako na mtungi wa "R12 original", jiulize ameutoa wapi na ndani kuna nini haswa.

Jua gari yako ina gesi gani

Kabla uitishe bei yoyote, fungua boneti. Tafuta kibandiko cha AC karibu na redieta ama chini ya boneti yenyewe. Kitaandikwa R12, CFC-12 ama R134a, pamoja na uzito wa gesi. Hiyo namba ya uzito ipige picha, utaihitaji baadaye.

Kama kibandiko kilipotea wakati gari ilipigwa rangi, angalia vichwa vya kujazia gesi kwenye paipu za AC. Vya R12 ni vyembamba na vina nyuzi za kuzungushia nje, kama valvu ya tairi. Vya R134a ni vinene na laini kwa nje, na hosi ya fundi inashika kwa kubonyezwa. Tena vinatofautiana saizi, milimita 13 upande wa presha ya chini na milimita 16 upande wa presha ya juu, ndio mtu asichanganye.

Mwaka wa kutengenezwa pia unasaidia. Kabla ya 1992, karibu zote ni R12. Kati ya 1992 na 1994 ni mchanganyiko, kila kampuni ilihama kwa wakati wake. Kuanzia 1995, tarajia R134a. Lakini usidanganywe na namba ya gari. KAA ama KAB inakuambia gari ilisajiliwa lini Kenya. Ilitengenezwa lini ni story ingine kabisa.

Chunga kitu moja hapa. Inawezekana mwenye gari wa kwanza alifungiwa vichwa vya R134a na hakuna kingine kilibadilishwa. Kwa macho inaonekana imefanywa, lakini ndani bado kuna mafuta na draya za enzi ya R12. Kama hakuna kibandiko cha kuonyesha kazi ilifanywa lini na iliwekwa mafuta gani, chukulia kwamba haikufanywa.

AC inafanya aje kazi?

AC haitengenezi baridi. Inabeba joto kutoka ndani ya gari na kulitupa nje.

Kompresa, ile inazungushwa na mkanda wa injini, inakandamiza gesi hadi inakuwa na presha na joto jingi. Gesi inaenda kwa kondensa, ile wavu iko mbele ya redieta, inapoa na kugeuka majimaji. Inapita kwa draya, kijikopo kilicho na chembe za kufyonza unyevu. Halafu inasukumwa kupitia valvu yenye tundu dogo sana. Ikitoka upande wa pili, presha imeanguka ghafla, na hayo majimaji yanachemka ndani ya evaporeta iliyo chini ya dashibodi. Kuchemka kunahitaji joto, na hilo joto linatolewa kwa hewa ya ndani ya gari. Feni inapuliza, wewe unasikia baridi, gesi inarudi kwa kompresa, na safari inaanza tena.

Hapo kuna siri mbili za kushika. Kwanza, hii gesi haiishi kama petroli. Mfumo umefungwa. Kama imeisha, imetoka mahali. Pili, mafuta ya kulainisha kompresa hayakai mahali pamoja kama ya injini. Yanabebwa na gesi na kuzunguka nayo mfumo mzima.

Kwa nini usimwage mpya juu ya ile ya kale

Hiyo siri ya pili ndiyo inavuruga kila kitu. R12 ilitumia mafuta ya madini, na hivyo viwili vinachanganyika vizuri, mafuta yanaenda na gesi na kurudi kwa kompresa. R134a haichanganyiki na mafuta ya madini. Ukiweka R134a kwa mfumo wa zamani bila kubadilisha mafuta, yale ya kale yanatulia kwa evaporeta na paipu, kompresa inabaki kavu. Utapata baridi wiki ya kwanza na utamsifu fundi kila mahali. Baadaye kompresa inaanza kulia, inashika, na vumbi la chuma linaenda kwa kondensa na valvu. Sasa huna kazi ya gesi tena. Una kazi ya kununua mfumo karibu wote.

Kuchanganya gesi zenyewe pia ni noma. R12 na R134a zikikutana presha yake inapanda kuliko ya kila moja peke yake, geji zinaonyesha namba ambazo hazina maana, na hiyo gesi iliyochanganyika haiwezi kutumika tena popote.

Halafu kuna presha ya kawaida ya kazi. Kondensa ikifika nyuzi 60, na hiyo si ajabu kwa jam ya mchana, R134a inakuwa na presha karibu asilimia 10 juu ya R12. Mfumo uliochoka, wenye oringi zimekauka na paipu zimepasuka, utavujia hapo. Molekuli za R134a pia ni ndogo kuliko za R12, kwa hivyo tundu ambalo R12 ilikuwa ikipita polepole, hii inapita mbio.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Hii ndiyo orodha. Fundi anaweza kupanga tofauti kidogo, lakini akiruka hatua nzima, muulize.

1. Kagua kompresa kabla ya kutumia doo yoyote. Klachi inashika? Ukizungusha kwa mkono inaenda laini ama inakwaruza? Mafuta yakitoka meusi yenye vipande vya chuma, hiyo kompresa imeenda na lazima ibadilishwe. Hapo ndipo bei inapaa, na ni vizuri ujue mapema.

2. Toa gesi ya zamani kwa mashine. Kama bado kuna R12 ndani, inafaa kufyonzwa na mashine hadi kwa mtungi. Kulegeza nati na kuiachilia hewani ni makosa kwa mazingira na ni hatari kwa fundi mwenyewe, juu R12 ikikutana na moto ama sigara inatoa moshi wa sumu. Na kwa joto la dunia, kilo moja ya R12 ina nguvu kama karibu tani 11 za kaboni dioksaidi. Hiyo ni sawa na kuchoma zaidi ya lita 4,500 za petroli, imetoka kwa dakika moja.

3. Mwaga mafuta ya kale. Kompresa inatolewa, inapinduliwa na kuzungushwa kwa mkono hadi mafuta yaishe. Kondensa, evaporeta na paipu zinaoshwa na kemikali ya kuoshea AC, halafu zinapulizwa na naitrojeni kavu. Hiyo kemikali haipitishwi ndani ya kompresa, wala kwa draya, wala kwa valvu.

4. Weka draya mpya. Hii haina mjadala. Chembe za draya ya R12 hazikuundwa kwa gesi mpya, na baada ya miaka 30 zimeshajaa unyevu. Draya ni bei ya chini ukilinganisha na kompresa, na ndiyo kitu watu hupenda kuruka.

5. Badilisha oringi zote. Si zile mbili za kichwa cha kompresa pekee, kila mahali paipu imefunguliwa. Omba zile za mpira wa HNBR, mara nyingi huwa za kijani. Zinapakwa mafuta mapya kabla ya kufungwa.

6. Angalia paipu za mpira. Paipu nzuri ambayo haijapasuka inaweza kuendelea, juu miaka yote ya mafuta ya kale imeziba matundu yake madogo. Zilizopasuka ama zenye alama ya mafuta kwenye kiungo zinatolewa, na mpira mpya unabanwa kwenye vyuma vile vile vya zamani. Itisha mpira wenye tabaka la ndani la kuzuia R134a isipenye.

7. Weka mafuta mapya na kwa kipimo. Kuna aina mbili utasikia: PAG na esta. PAG ndiyo magari mengi ya R134a yalitoka nayo kiwandani, lakini haipatani na mabaki ya mafuta ya madini na klorini ya R12. Esta inavumilia zaidi, ndio maana mafundi wengi huichagua kwa gari iliyobadilishwa. Yote mawili yanafyonza unyevu hewani, kwa hivyo chupa iliyoachwa wazi tangu mwezi uliopita haifai.

8. Funga vichwa vipya vya R134a na ubandike kibandiko. Aina ya gesi, uzito, aina ya mafuta, tarehe. Fundi atakayekuja baadaye atakushukuru, na aliyekuuzia hataweza kukuzungusha.

9. Hakikisha kuna swichi ya presha ya juu. Hii huzima kompresa presha ikipanda kupita kiasi. Mifumo mingine ya zamani haina, ilitegemea valvu ya kuachilia gesi nje ikizidi.

10. Pima kama inavuja, kwa naitrojeni. Inajazwa, inapakwa povu la sabuni kwa kila kiungo, inaachwa kwa muda na geji zinaangaliwa. Usikubali oksijeni. Presha ya oksijeni ikikutana na mafuta inaweza kulipuka. Hewa ya kompresa ya tairi nayo inaingiza unyevu ndani ya mfumo uliotoka kuukausha.

11. Vuta vakyumu. Angalau dakika 45, halafu pampu inazimwa na geji inaangaliwa kama itarudi.

12. Jaza kwa mizani. Si kwa macho, si kwa kugusa paipu kama imekuwa baridi. R134a inawekwa kidogo kuliko R12, kwa kawaida asilimia 80 hadi 85 ya uzito ulioandikwa kwa kibandiko cha zamani. Kama gari yako iliandikwa kilo 1 ya R12, anza na gramu 800 hivi, halafu fundi arekebishe akiangalia geji zote mbili. Kuzidisha hakuongezi baridi. Kunapandisha presha na kupunguza baridi.

Vakyumu ya Nairobi si ya Mombasa

Hii ni ya wale wanaojifundisha kwa YouTube. Video nyingi zinasema vuta vakyumu hadi geji isome inchi 29. Unajaribu hapa Nairobi, pampu inanguruma saa nzima, geji imekwama kwa 24 na kitu. Unaanza kutafuta mahali panavuja, ama unamwambia fundi pampu yake ni mbovu.

Tulia. Geji inapima tofauti kati ya hewa ya nje na ndani ya mfumo. Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Inchi 24 na nusu hapa ni vakyumu kamili. Ukifanya kazi hiyo hiyo Mombasa, geji itafika 29 na zaidi bila shida.

Kinachohesabika ni je, inashika. Funga geji, zima pampu, kunywa chai. Ukirudi baada ya nusu saa na sindano imesonga, kuna mahali panavuja ama kuna unyevu bado unachemka ndani. Na unyevu si mchezo. Maji yakibaki yanaganda kwenye lile tundu dogo la valvu, AC inakata na kurudi, na baadaye yanatengeneza asidi inayokula chuma kutoka ndani.

Gesi ya meko: hapa usicheze

Kuna gesi nyingine inaingizwa kwa magari kimya kimya, na inabidi tuitaje wazi. Gesi ya kupikia. Ni propani na butani, na ukweli usemwe, inapoza. Inapatana hata na yale mafuta ya madini ya kale, kwa hivyo haihitaji draya wala kuosha. Ndio maana ofa yake huwa tamu: bei ya chini, hakuna kufungua kitu, unaondoka na baridi.

Sasa fikiria hiyo gesi iko wapi. Evaporeta iko chini ya dashibodi, futi chache kutoka kwa magoti yako. Ikivuja usiku gari ikiwa imefungwa, gesi inajaa ndani. Asubuhi unaingia, unawasha taa ama sigara. Kondensa nayo iko mbele kabisa, ndiyo ya kwanza kupasuka ukigonga mtu nyuma hata kwa mwendo wa polepole, karibu na injini moto na nyaya za umeme.

Utaambiwa friji za kisasa pia zinatumia gesi ya kushika moto. Ni kweli, nyingi hutumia R600a. Lakini friji ya nyumbani huwekwa gramu chache, haigongwi na matatu, na iliundwa kwa ajili hiyo tangu kiwandani. Gari yako haikuundwa hivyo. Marekani, shirika la mazingira la EPA limekataza kabisa kubadilisha R12 ya gari na gesi za aina hii.

Hatari nyingine ni R134a bandia. Mwaka wa 2011, kontena za baridi za meli zililipuka Vietnam na Brazil baada ya kujazwa gesi iliyouzwa kama R134a, kumbe ndani kulikuwa na R40. Hiyo R40 inakula aluminiamu na kutengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikiguswa na hewa. Watu 3 walikufa. Na AC ya gari imejaa aluminiamu, kuanzia kompresa hadi kondensa. Kwa hivyo rangi ya mtungi si ushahidi, na bei ya chini kupita kiasi si bahati. Nunua mahali wanakupa risiti, na fundi mwenye kifaa cha kutambua gesi ni fundi wa kushikilia.

Je, baridi itakuwa ile ile?

Karibu, lakini usitarajie miujiza. Ukiwa unaenda, Thika Road saa tano usiku hakuna jam, hutaona tofauti. Mahali utaiona ni ukisimama. Gari imetulia kwa foleni, injini inazunguka polepole, hewa haipiti kwa kondensa. Hapo mfumo uliobadilishwa unaweza kupoa kidogo chini ya vile ulivyokuwa na R12, juu kondensa yake iliundwa kwa gesi nyingine.

Dawa ni hewa. Osha kondensa, mara nyingi imejaa vumbi na wadudu wa miaka. Hakikisha feni inafanya na mfuniko wake wa plastiki uko mahali, maana wengi hutupa huo mfuniko wakitoa redieta na hawaurudishi. Ukiishi Mombasa, ambapo joto na unyevu ni wa kila siku, fikiria kondensa ya kisasa ya mirija bapa na feni ya umeme ya ziada. Kwa Nairobi, mara nyingi ile ya zamani ikioshwa inatosha.

Na tuwe wakweli. Kama kompresa imekufa, kondensa imeoza, evaporeta inavuja na lazima dashibodi yote itolewe, na wewe unaishi Limuru, hiyo doo ina kazi nyingine kwa hiyo gari. Breki hazingoji. Lakini kama kompresa ni nzima na shida ni gesi iliisha miaka iliyopita, hii ni kazi ya kawaida ambayo fundi mzuri anaweza kuifanya na ikadumu.

Maswali ya kumuuliza fundi

Beba haya kwa simu yako ukienda Grogan, Industrial Area ama popote:

- Utatoa vipi gesi ya zamani kama bado iko?
- Unaweka mafuta gani, na mililita ngapi?
- Draya mpya iko kwa hiyo bei? Nionyeshe.
- Utapima kuvuja kwa kutumia nini?
- Vakyumu utavuta kwa muda gani?
- Unajaza kwa mizani ama kwa macho?

Itisha bei ikiwa imetenganishwa: spea peke yake, gesi peke yake, kazi peke yake. Anayejua kazi atajibu bila kukasirika. Anayekuambia "wachana na hizo, nimefanya hii kazi miaka 20" na hana mizani wala pampu ya vakyumu, mshukuru na uwashe gari.

Na ukifika hapo, vaa miwani ukisimama karibu. Gesi ikiruka inachemka kwa nyuzi 26 chini ya sifuri. Inaweza kugandisha jicho kabla upepese.

Na magari mapya je?

R134a yenyewe haigusi ozoni, lakini inapasha dunia joto mara 1,430 kuliko kaboni dioksaidi. Ndio maana 2016, nchi zilikutana hapo kwa majirani zetu Rwanda na kukubaliana kwenye Marekebisho ya Kigali kupunguza gesi za familia hiyo pia. Magari mapya Ulaya yalishahamia R1234yf, na nyingine zinaingia hapa zikiwa nayo. Ukipata hiyo kwa kibandiko chako, usikubali ijazwe R134a eti ni bei rahisi. Ni makosa yale yale ya R12, na gari mpya zaidi.

Kwa hivyo weekend hii, kabla ya kuosha rimu, fungua boneti na utafute hicho kibandiko. Kikisema R12, sasa unajua kazi ni ngapi na zinafuatana aje. Na yule anayetaka kukuongezea "gas kidogo" kwa nusu saa, muulize kwanza ni gas gani.